Ngoja Ngoja Imeumiza Matumbo ya Nani? Historia ya RPG Kubwa Zilizochelewa Kufika PC

Wacha tuanze na tarehe mbili. Final Fantasy XVI ilitoka kwa PS5 tarehe 22 Juni 2023. Kwa PC ilifika tarehe 17 Septemba 2024. Hapo katikati ni karibu miezi 15. Mtoto aliyezaliwa ile siku ya kwanza tayari alikuwa anatembea wakati msee wa kompyuta anafungua hiyo gemu kwa mara ya kwanza.

Wiki ya kwanza kule PS5, Square Enix walitangaza nakala milioni 3, ukijumlisha zilizopelekwa madukani na zile za kidijitali. Si mbaya. Lakini mwaka wa 2024 kampuni hiyo hiyo iliwaambia wawekezaji wake kwamba faida ya XVI na ya ndugu yake, Final Fantasy VII Rebirth, haikufika pale ilipotarajiwa. Na toleo la PC lilipotua Steam, siku iliyojaa zaidi haikufikisha wachezaji 30,000 waliokuwa ndani kwa wakati mmoja. Kwa gemu yenye jina kubwa hivyo, hiyo ni harusi iliyoandaliwa vyakula vya kijiji kizima halafu wageni wakaja meza tatu.

Sasa linganisha na Elden Ring. Hiyo ilitoka tarehe 25 Februari 2022, siku moja kwa PlayStation, Xbox na PC. Ndani ya wiki tatu ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 12. Kwa Steam peke yake, kilele kilipita watu 950,000 kwa wakati mmoja.

Najua utasema hizi ni gemu mbili tofauti, na moja inaweza tu kuwa inapendwa kuliko nyingine. Kweli kabisa. Ndio maana sitaki kubishana kwa kutumia gemu mbili. Nataka turudi nyuma miaka kama 25 hivi tuone venye hii tabia ya kuchelewesha PC ilianza, nani alifaidika, na ilianza kuwauma lini. Hoja yangu ni moja: RPG kubwa inauzwa na msimu wake. Ukitenganisha gemu na msimu wake, unabaki kuuza hadithi ambayo watu washaisikia.

Kwa nini RPG haswa?

Gemu ya mpira haina mwisho wa kuharibiwa. Ukiinunua leo ama baada ya miezi sita, mechi ni ile ile. RPG ni tofauti. Hapo unabeba mhusika kuanzia akiwa hana kitu mpaka anapigana na miungu, na safari hiyo inakula saa 40, 60, wakati mwingine zaidi ya 100. Nani atakufa? Nani msaliti? Ule mlango unaficha nini? Hiyo ndiyo bidhaa.

Kwa hivyo wiki za kwanza za RPG kubwa ni kama Krismasi. Kila mtu anaongea kitu kimoja, kila video ni hiyo, na wewe ambaye huna unajiona umebaki nje ya sherehe. Ile hisia ya kubaki nje ndiyo inafungua mifuko. Ikishapita, haiwezi kuitwa tena kwa tangazo. Halafu bajeti za hizi gemu ni kubwa mno, watu mamia wanafanya kazi miaka minne, mitano. Pesa hiyo lazima irudi haraka.

Enzi ya kusubiri bila kulalamika

Final Fantasy VII ilitoka Japani Januari 1997, ikafika Marekani Septemba mwaka huo. Toleo la PC likaja 1998, likisimamiwa na Eidos ya Uingereza. Muziki wake kwa PC ulitegemea kadi ya sauti ya mashine yako, kwa hivyo kama kadi ilikuwa ya bei rahisi, kazi nzuri ya Nobuo Uematsu ilisikika kama kinanda cha mtoto. Watu walichukua tu. Hakukuwa na YouTube ya kukuonyesha mwisho, na ukisubiri mwaka mmoja, hadithi ilikuwa bado mbichi.

Ikaja Xbox. Star Wars: Knights of the Old Republic ilitoka kwa Xbox Julai 2003, PC ikapata Novemba. Fable ilitoka 2004, PC 2005. Mass Effect ilitoka Novemba 2007, PC Mei 2008. Fable II ya 2008 haikuwahi kufika PC kabisa. Na kumbuka Xbox ni ya Microsoft, wenye Windows yenyewe! Yaani mwenye nyumba alikuwa anawafungia wapangaji wake mlango ili wakanunue nyumba ya pili kwake.

Sababu zao zilikuwa tatu, na wakati ule hazikuwa za kijinga.

Ya kwanza ni mashine. PS3 ilikuwa na kichakataji kinaitwa Cell, kigumu kwa watengenezaji na tofauti kabisa na kompyuta ya kawaida. Kuhamisha gemu kutoka pale kwenda PC ilikuwa kama kuvunja nyumba ya mawe na kuijenga upya kwa mbao.

Ya pili ni wizi. Kampuni ziliamini kwamba PC ni nchi ya nakala za bure, na sisi tuliokulia mitaa yenye diski za kuchoma hatuwezi kujifanya hatujui walikuwa wanaongelea nini.

Ya tatu ni pesa ya upekee. Mwenye konsoli anaweza kukulipa, ama akusaidie na matangazo, ili gemu yako isionekane kwingine kwa muda fulani. Gemu inakuwa sababu ya mtu kununua mashine.

Lakini mwaka wa 2013 sababu ya kwanza ilipoteza nguvu. PS4 na Xbox One zilikuja na vichakataji vya AMD vya familia moja na vile vya kompyuta zetu. Tangu hapo kuhamisha gemu bado ni kazi, tena kazi ya kweli, lakini si ule mlima wa zamani. Na wizi? Steam ilikuwa ishafanya kununua kuwe rahisi kuliko kuiba, kwa watu wengi. Ikabaki sababu ya tatu, pesa ya upekee, pamoja na mazoea.

Dark Souls: mlango uliofunguliwa kwa kelele

Hapa ndipo historia inapendeza. Dark Souls ilitoka mwaka wa 2011 kwa PS3 na Xbox 360 pekee. Mapema 2012 wachezaji wa PC walianzisha ombi mtandaoni, wakakusanya saini makumi ya maelfu wakiomba gemu iletwe kwao. Namco Bandai wakasikia. Tarehe 24 Agosti 2012 toleo la PC likatoka.

Na lilikuwa bovu. Picha ilifungwa kwenye ukubwa mdogo hata kama una skrini kubwa namna gani, na vidhibiti vya kipanya vilikuwa vya kulia. Siku ile ile msee mmoja wa mtandaoni anayejulikana kama Durante alitoa programu ndogo ya kurekebisha picha, bure. Mtu mmoja! Miaka miwili baadaye akafanya kitu kama hicho tena wakati Final Fantasy XIII ilipofika PC mnamo Oktoba 2014, karibu miaka mitano baada ya kutoka Japani, ikiwa nayo imefungwa kwenye picha ya 720.

Lakini angalia kilichofuata kwa FromSoftware. Dark Souls ya kwanza ilichelewa kama miezi 11. Dark Souls II, mwaka wa 2014, ilichelewa wiki sita hivi. Dark Souls III ilitoka ulimwenguni tarehe 12 Aprili 2016, siku moja kwa konsoli na PC, ingawa Japani walikuwa wametangulia na konsoli. Elden Ring, 2022, siku moja kila mahali.

Miezi 11, wiki sita, sifuri. Kila hatua kundi la PC likawa kubwa zaidi. Kwa hivyo ile poti mbovu ya 2012 faida yake kubwa ilikuwa kuzaa wateja waliokuja kununua Elden Ring miaka kumi baadaye. Mpaka Juni 2024 Elden Ring ilikuwa imevuka nakala milioni 25.

Hili ni jambo ambalo watu wengi hawalioni wakihesabu mauzo ya poti. Wanaangalia poti yenyewe iliuza ngapi. Mimi nasema uliza: gemu iliyofuata iliuza ngapi?

Persona ilifuata njia hiyo hiyo

Persona 4 Golden ilikaa kwenye PS Vita tangu 2012. Vita ni mashine ambayo watu wengi hapa hawajawahi hata kuishika. Juni 2020, baada ya miaka minane, Sega na Atlus wakaiweka Steam. Ndani ya wiki chache ilikuwa na wachezaji nusu milioni. Gemu ya zamani, kutoka mashine iliyokufa!

Sasa hapa mtu anaweza kunigeuzia hoja: "Si umesema kuchelewa kunaua? Mbona hii iliuza?" Iliuza kwa sababu karibu hakuna aliyekuwa ameipata. Hakuna tofauti kubwa kati ya kuchelewa miaka minane na kutoka mara ya kwanza, kama watu hawakuwa na njia ya kuicheza. Tena bei yake ilikuwa ya gemu ya zamani, dola 20 hivi.

Kilichofanya Atlus waheshimike kwangu ni kwamba walisoma somo. Persona 5 Royal ilifika PC mwaka wa 2022, miaka mitatu baada ya Japani. Halafu Persona 3 Reload, Februari 2024, ikatoka siku moja kila mahali na kuuza milioni 1 ndani ya wiki ya kwanza. Oktoba mwaka huo huo Metaphor: ReFantazio ikatoka siku moja kila mahali na kufikisha milioni 1 siku ile ile ya kwanza. Hizo si gemu za bunduki za kila mtu. Ni gemu za zamu, zenye maandishi mengi ya kusoma. Miaka kumi nyuma watu wangekuambia soko lake ni Japani tu.

Wale waliofaulu wakichelewa

Kuwa mkweli ni muhimu, kwa hivyo tuongelee Monster Hunter: World. Ilitoka kwa konsoli Januari 2018, PC Agosti mwaka huo. Zaidi ya miezi sita. Na bado ilipofika Steam ilivuta zaidi ya watu 300,000 kwa wakati mmoja, na leo ndiyo gemu iliyouza zaidi katika historia ya Capcom. Kwa nini haikuumia?

Naona sababu mbili. Kwanza, Capcom walisema tangu gemu inatangazwa mwaka wa 2017 kwamba PC inakuja, baadaye kidogo. Hakuna aliyeachwa akikisia. Pili, Monster Hunter ni gemu ya kuwinda na mabeshte. Hakuna mwisho wa kuharibiwa. Ukiingia Agosti, joka bado ni joka, na wenzako wako pale wanakusubiri. Gemu ya namna hiyo inabeba msimu wake mwenyewe.

Grand Theft Auto V nayo, ingawa si RPG, ndiyo mfano ambao mabosi hupenda kutaja. Ilitoka Septemba 2013, PC Aprili 2015, na iliuza kama maji. Lakini GTA ina mtandao wake wa wachezaji unaoendelea mwaka baada ya mwaka. Ukichukua mkakati wa GTA ukauvalisha gemu ya hadithi ya saa 50 ya mtu mmoja, umevaa koti la baba yako. Halikutoshi.

Hesabu ya Horizon na ya Cyberpunk

Tuangalie namba mbili ambazo kampuni zenyewe zilitoa.

Horizon Zero Dawn, RPG ya mapigano ya Sony, ilitoka kwa PS4 Februari 2017. PC ikapata Agosti 2020, miaka mitatu na nusu baadaye. Kufikia mwisho wa 2021 gemu hiyo ilikuwa imevuka nakala milioni 20 kwa jumla. Kufikia Machi 2022, Sony waliripoti kwamba PC ilikuwa imeuza takriban milioni 2.4. Yaani PC ni kama sehemu moja kwa kumi, ukikadiria.

Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020, siku moja kwa PC na konsoli. CD Projekt walisema ndani ya zile wiki chache za 2020 waliuza nakala milioni 13.7, na asilimia 56 zilikuwa za PC. Zaidi ya nusu!

Usikimbilie kusema "muda pekee ndio ulifanya hivyo." CD Projekt walizaliwa kwenye PC, mashabiki wao wako pale. Pia toleo la PS4 la Cyberpunk lilikuwa na matatizo mpaka Sony wakaliondoa dukani kwao, kwa hivyo mwenye chaguo alichagua PC. Na Horizon ilikuwa imeuzwa miaka mitatu kwa PS4, mara nyingine kwa ofa. Lakini hata ukipunguza hayo yote, pengo kati ya sehemu moja kwa kumi na zaidi ya nusu ni kubwa mno kuliita bahati. PC ni soko linaloweza kubeba nusu ya gemu, mradi limealikwa siku ya sherehe.

Mfano wa kinyume pia upo. Baldur's Gate 3 ilianza PC tarehe 3 Agosti 2023, PS5 ikafuata tarehe 6 Septemba. Steam ilifika zaidi ya watu 870,000 kwa wakati mmoja. Wale wa PS5 walikaa mwezi mmoja wakisikia stori za gemu hiyo, na ilipowafikia bado ilikuwa ya moto. Mwezi mmoja unaongeza hamu. Miezi 15 unaimaliza.

Square Enix na mnyororo uliokatika

Sasa turudi kwa Final Fantasy, kwa sababu hapo ndipo tunaona gharama kamili.

Mwaka wa 2016 mpango wa zamani ulikuwa bado unafanya kazi. Final Fantasy XV ilitoka kwa PS4 na Xbox One tarehe 29 Novemba, ikatangaza milioni 5 ndani ya siku moja, na PC ikaja Machi 2018. Ucheleweshaji wa miezi 15 hivi, karibu sawa na wa XVI. Tofauti ni kwamba XV ilikuwa kwenye konsoli mbili, na XVI ilifungiwa kwenye moja, PS5, ambayo ilikuwa bado inakua.

Final Fantasy VII Remake nayo ilitoka kwa PS4 Aprili 2020, ikafikisha milioni 3.5 ndani ya siku tatu. Moto kabisa. PC ikangoja mpaka Desemba 2021, tena kwa duka la Epic peke yake. Steam, ambako watu wa PC wamejaa, ikapata Juni 2022. Miaka miwili na zaidi. Na walipofika kwa PC waliweka bei ya dola 70, na toleo lenyewe likiwa linakwama-kwama.

Shida ni kwamba Remake ni sehemu ya kwanza kati ya tatu. Rebirth, sehemu ya pili, ikaja Februari 2024 kwa PS5 pekee, PC Januari 2025. Fikiria mnyororo huo. Ili ununue sehemu ya pili lazima uwe umecheza ya kwanza. Kila mchezaji wa PC aliyekata tamaa mwaka wa 2021 ni mtu ambaye hatanunua ya 2025, wala ya tatu ikija. Ukichelewesha gemu moja ya kujitegemea, unapoteza gemu moja. Ukichelewesha sura ya kwanza, unapoteza kitabu kizima.

Mei 2024 Square Enix wakatoa mpango wa miaka mitatu na kusema wazi kwamba sasa wanataka kuweka gemu zao kubwa kila mahali: PlayStation, Xbox, Nintendo na PC. Wakati huo huo kulikuwa na habari za kupunguza wafanyakazi katika ofisi zao za Marekani na Ulaya. Sisemi kazi hizo zilipotea kwa sababu ya PC peke yake. Lakini mipango ya mauzo ikienda kombo, wanaolipa kwanza si wale waliosaini mkataba wa upekee. Ni wachoraji, wakaguzi na waandishi.

Mpango mpya ulianza kuonekana haraka. Novemba 2024 Dragon Quest III HD-2D ikatoka siku moja kwa konsoli zote kubwa na PC, na mwezi uliofuata ilikuwa imepita milioni 2.

Na sisi huku?

Kuna kitu kinachotuhusu moja kwa moja. Steam haina bei ya shilingi ya Kenya, tunalipa kwa dola. Dola 70 ni karibu shilingi 9,000. Kwa mtu ambaye kompyuta yake ndiyo ya masomo, ndiyo ya kazi, ndiyo ya filamu, kununua PS5 kwa ajili ya hadithi moja ni ndoto ya mchana. PC ndiyo mlango wake pekee. Ukimletea gemu baada ya miezi 15 kwa bei ile ile, akiwa ashatazama mwisho wote YouTube, atangoja ofa. Na ofa itakuja. Kwa hivyo kuchelewa kunamfundisha mteja kutolipa bei kamili, na ukishamfundisha hivyo hasahau.

Halafu kuna jambo ambalo ni zaidi ya kuchelewa. Mwaka wa 2024 Sony walianza kudai akaunti ya PlayStation Network hata kwa baadhi ya gemu zao za PC. Kenya haimo kwenye orodha rasmi ya nchi zinazohudumiwa na mtandao huo. Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo imo. Kwa hivyo gemu kama Horizon Zero Dawn Remastered ilipotoka Oktoba 2024, nchi zilizo nje ya orodha zikafungiwa kununua. Umengoja miaka, gemu imefika PC, halafu unaambiwa PC ni ile, lakini wewe siye. Januari 2025 Sony wakalegeza, wakasema akaunti hiyo si lazima tena kwa baadhi ya gemu, hiyo ya Horizon ikiwemo. Ilichukua kelele nyingi za wachezaji.

Siku moja haitoshi kama gemu haifanyi kazi

Nisieleweke vibaya: kutoa siku moja si dawa ya kila ugonjwa. Monster Hunter Wilds ilitoka tarehe 28 Februari 2025 kila mahali, ikauza milioni 8 ndani ya siku tatu. Kwa Steam ilivuka watu milioni 1.3 kwa wakati mmoja. Lakini toleo la PC lilikuwa zito, hata kwa mashine zenye nguvu, na malalamiko yakajaa. Katika robo ya Aprili hadi Juni mauzo yake mapya yalishuka chini ya nusu milioni. Msimu unaweza kukuletea watu mlangoni. Hauwezi kuwaketisha kwenye kiti kilichovunjika.

Kwa hivyo mabosi wanaosema "tulichelewa ili tuiboreshe" wana hoja, ila tu kama kweli waliiboresha. Remake ilichelewa miezi 20 na bado ilikwama-kwama. Dark Souls ilichelewa 11 na ikaokolewa na msee mmoja mwenye kompyuta yake. Muda peke yake haujawahi kurekebisha poti. Watu na bajeti ndio hurekebisha.

Upande wa pili, tazama Clair Obscur: Expedition 33, kutoka studio changa ya Sandfall kule Montpellier, Ufaransa. Ni RPG ya zamu, iliyoathiriwa waziwazi na Final Fantasy za zamani. Ilitoka Aprili 2025, siku moja kwa PS5, Xbox na PC, kwa dola 50 hivi. Siku tatu, milioni 1. Siku 33, milioni 3.3. Bajeti yao ukiweka kando ya Square Enix ni chenji, na msimu wote wa masika watu walikuwa wanaongea juu ya gemu yao.

Msimamo wangu basi. Kampuni ikitaka kuchelewesha PC, iseme tarehe mapema kama Capcom walivyofanya 2018, isipitishe miezi michache, na bei iendane na umri wa gemu. Zaidi ya hapo, wanajiumiza wenyewe na wanawaumiza watu waliotumia miaka mitano kuijenga. Na sisi wanunuzi tusilipe bei ya siku ya kwanza kwa gemu iliyotufikia mwaka wa pili, hata kama tunaipenda. Sehemu ya tatu ya Final Fantasy VII bado haijatoka wakati naandika hii. Ikitoka, sitaangalia trela kwanza. Nitaangalia tarehe ya PC.